Filamu Niliyoitia Chumvi

Sinema za Mombasa wakati ule zilikuwa na siku ya wanawake watupu, alasiri moja kila wiki, na mimi nilikuwa siikosi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, bado nasoma, na kichwa kikubwa. Mamangu hakupata kuingia sinema maisha yake. Babake alikuwa ameikataza kwa wanawe na wajukuu wote, na wajomba zangu wa Likoni wangenichuna ngozi lau wangejua nakwenda. Lakini mama alinipa ruhusa na kunifichia siri, kwa sharti moja tu: nikirudi Kisauni nimhadithie yote, yeye na majirani wawili watatu, tukiwa tumekaa mkekani.

Nilijipenda sana nikihadithia. Filamu mbovu, nikiisimulia mimi, ilikuwa nzuri. Nikiona wasikilizaji wamepoa, natia chumvi.

Mwaka ule uhuru ulikuwa u karibu, na watu hawakuwa na mazungumzo ila ya bendera. Ikaja filamu moja ya kutisha, ya Kizungu. Watu wa nyumba fulani wananunua televisheni, kitu ambacho sisi hatujapata kukiona, na ndani ya kioo chake anatokea mtu anayewakodolea macho. Hasemi neno. Kila anayemtazama sana, asubuhi hukutwa amekufa. Basi, hiyo ndiyo filamu yote. Mimi nikaona mtu asiyesema hatamtisha mwanamke yeyote wa Kisauni, nikampa maneno. Nikasema alikuwa akisoma majina ya watu wa nyumba ile, mmoja mmoja, na nikamsomesha kwa sauti ya mtangazaji wetu wa redio, yule aliyekuwa akitangaza vifo baada ya habari za mchana: "Tunasikitika kuwatangazia kifo cha..." Jirani mmoja akapiga ukelele. Mama akajifunika uso kwa leso. Siku ile nililala na furaha.

Kesho yake, habari zilipokwisha, mama aliinuka akaizima redio.

"Mama, bado matangazo ya vifo," nikamwambia.

"Waache huko huko. Kitu cha kutaja majina ya watu ndani ya nyumba yangu, wallahi sikitaki. Leo wataja ya wenzetu, kesho watatutaja sisi."

Ningemwambia pale pale kwamba nimezua. Lakini niliona fahari kwamba hadithi yangu imemwingia kiasi kile, nikanyamaza. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba: habari zikisha, redio inazimwa.

Na kwetu matangazo yale hayakuwa mchezo. Mtu akifa asubuhi, Alasiri amezikwa, na simu tulikuwa hatuna. Mwenye redio hatumiwi mjumbe, huhesabiwa amesikia.

Siku zile mama na babake walikuwa hawasemezani, na sababu ilikuwa mimi. Babu alitaka niolewe na binamu yangu. Mama alikataa, akasema nimalize masomo kwanza, na babu akamwambia asimkanyagie mlango wake tena. Ilikuwa imepita miezi mitano. Mama alishakata shauri kwamba Idi ikifika atakwenda Likoni ambusu mkono, amtake radhi. Kila siku alikuwa akihesabu siku zilizobaki.

Alasiri moja, sala imekwisha zamani, mama alikuwa akichagua mchele. Jirani yetu akaingia na buibui lake, akasimama kizingitini.

"Wewe! Bado uko hapa?"

"Niende wapi?"

Jirani akakaa chini, akamshika mkono. "Babako, dadangu. Wametangaza mchana. Nikidhani umeshakwenda."

Tulipanda basi hadi mjini, tukavuka feri. Mimi nilikuwa nikimwomba Mungu wawe wamechelewa. Kwetu mwanamke hafuati jeneza. Kuagana kwake na maiti ni kumfunua uso pale nyumbani, kabla hajatolewa, na hapo ndipo humtaka radhi kwa mara ya mwisho. Tulipofika, wanaume walikuwa wamesharudi makaburini, wakinawa udongo mikononi.

Mjomba wangu mkubwa hakumpa mama mkono.

"Tumekungoja mpaka tukaona haya mbele ya watu," alisema. "Redio mnayo. Jina lako ndilo lililotajwa kwanza katika watoto."

"Sikusikia, kaka."

"Redio imeharibika?"

Mama alinitazama. Kueleza kwa nini redio ilizimwa kulikuwa kueleza filamu, na filamu ilikuwa mimi.

"La," akajibu. "Nzima."

Chumba kizima kilielewa kwamba amesikia, na kwa kinyongo chake hakuja. Mjomba alimpa mgongo. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka alipo mama, ulimi wangu mzima, nikaogopa wajomba, nikanyamaza.

Hakunilaumu hata siku moja, na afadhali angenilaumu. Ndugu zake waliendelea kusema kwamba alikataa kumzika babake. Walilisema hilo hata siku tuliyomzika mama, miaka mingi baadaye, na mimi ni mtu mzima nisiyemwogopa yeyote. Siku hiyo pia sikusema.