Pijo ya Rasik na Nazi ya Pili

Mzee Jaspal Singh wa Kenton, mtaa wa Landani, alizaliwa Nakuru, akafunzwa ufundi na baba yake, akaja Landani akatengeneza mabasi mpaka mgongo ukakataa. Siku hizi anatembea tu. Asubuhi gurdwara, hekalu la Masingasinga, mchana kwenye duka la mboga akigombana na mwenye duka kwa bamia zilizokomaa, kisha popote miguu inapotaka. Si mtu wa maneno mengi. Ila watu wa kule wanajua: akisema injini ni nzima, basi ni nzima.

Ndiyo maana Alkesh alimwita aende kwake Stanmore. Alkesh ni mtoto wa marehemu Rasik, rafiki ya Jaspal wa kufa na kuzikana. Zamani Rasik alikuwa akiendesha gari la Pijo kwenye rali za Pasaka, Jaspal akiwa fundi wake. Sasa Alkesh alisema gari la baba yake limepatikana, na kuna Mwingereza, mkusanyaji wa magari ya kale, analitaka. Kilichobaki ni mtu aliyelijua aseme ndilo.

Jaspal alifunga kilemba cha buluu, kile cha harusini, akapanda basi.

Pijo ilikuwa kwenye gereji pembeni mwa nyumba, nyeupe, namba ileile mlangoni. Na pale mbele, kwenye boneti, palikuwa pamebonyea kama bakuli.

Jaspal alicheka peke yake. Kwa akina Rasik, gari likitoka kwenda safari kubwa huvunjiwa nazi, na nazi huvunjwa chini, mbele ya magurudumu. Lakini Hansa, mke wa Rasik, alikuwa bibi harusi mpya, na kwao hawakuwahi kuwa na gari. Aliipigiza nazi juu ya boneti, boneti ikabonyea. Wanaume wakashika vichwa. Rasik akakataza isinyooshwe, na Pasaka ile alimaliza wakati wenzake wamezama kwenye matope.

Mzee akaweka kiganja palipobonyea. Kikaenea sawasawa. Halafu akafungua boneti, akapapasa chini yake, akapapasa tena.

"Matundu yako wapi?"

"Matundu gani, Anko?" Alkesh akauliza.

Rali ya pili Rasik aligonga ng'ombe karibu na Gilgil, boneti ikakunjika. Jaspal aliing'oa akafunga nyingine. Ile ya zamani aliigongagonga ikalala, akaitoboa kwa patasi hewa ipite, ikawa paa la banda la kuku la Hansa. Waliiacha hukohuko walipohama. Kama hii ndiyo ile, matundu yangekuwapo.

Kabla hajajibu, Hansa akaja na chai na sahani ya vitamu vya nazi. Amekuwa kikongwe, lakini macho ni yaleyale.

"Kula, Jaspal bhai, ndugu yangu. Umependeza. Leo unaoa nani?"

Jaspal akatia kimoja mdomoni. "Bhabhi, shemeji yangu, nani amebonyeza boneti hii?"

"Si mimi?" Hansa akacheka. "Alkesh alipiga nyundo kwenye boneti ya kwanza aliyoinunua, ikawa kama shimo la panya. Nikamwambia tafuta nyingine, na uniletee nazi. Mkono haujasahau."

"Na nazi yenyewe?"

"Si ndiyo hiyo unayokula? Nitupe chakula?"

Utamu ukageuka mdomoni kama sabuni. Jaspal akatoa leso akatema, mbele yao, bila kuficha. Nazi ya baraka, ile ambayo mtu huila akimwombea dereva arudi, imepigizwa kwenye gari la uongo, ikatiwa sukari, akalishwa yeye.

"Usinitemee hivyo," Hansa akasema. "Pijo ya kweli ilishauzwa vyuma chakavu. Rasik hayupo. Nani anaumia?"

"Mimi natapika, Bhabhi."

Mwingereza akaingia, kofia mkononi, mtu mpole. Akauliza kwa Kiingereza kama mzee analitambua gari.

"Silo," Jaspal akamjibu. "Boneti ya Rasik niliitoboa mwenyewe, ikafunika kuku."

"Anko amezeeka," Alkesh akadakia. "Anachanganya mambo."

Jaspal hakumtazama. Alimgeukia Hansa, akamuuliza kwa Kiswahili, kile cha gereji ya Nakuru: "Bhabhi, nimechanganya?"

Hansa akaivuta sari begani. Akaiangalia sahani, akamwangalia mwanawe, akaiangalia sahani tena. Mwingereza, ambaye hakuelewa hata neno, alielewa macho yale. Akavaa kofia yake, akashukuru kwa chai ambayo hakuinywa, akaondoka.

"Umefurahi sasa?" Alkesh akauliza.

Jaspal hakufurahi. Alisukutua kwenye bomba la bustani, mara nyingi, akatema kwenye majani. Hansa akamwita kwa jina, taratibu, kama zamani akimwita chakula kikiwa tayari. Hakugeuka.

Kwenye basi ulimi wake ulikuwa bado unachokoa machicha ya nazi yaliyokwama kwenye jino la nyuma.