Vijiti Vitatu vya Dada

Mwaka dada yangu aliporudi nyumbani na sifuri ya kidato cha nne, maduka ya Lushoto yalikuwa yamejaa redio na mitumba, na malori yalikuwa yakipanda mpaka kwetu, juu ya Mlola, kufuata kabichi za kupeleka Dar es Salaam. Shule za kulipia nazo zilikuwa zimefunguliwa. Baba aliweza kumsomesha mtoto mmoja tu, akamchagua yeye. Nisiseme nilionewa, alama zangu za darasa la saba zilikuwa ndogo kuliko zake. Lakini kwa miaka minne nilimchotea mama maji peke yangu na kulima sehemu ya dada pamoja na yangu, na aliporudi mikono mitupu nilifurahi. Naandika hivi kwa sababu hayupo tena, na sitaki kumlilia kwa uongo.

Baba aliamua bila kugomba. Shangazi yetu wa Tanga alikuwa anatafuta msichana wa kazi za ndani. Masika yakiisha, dada angekwenda. Dada hakubisha. Aliomba kitu kimoja tu: apewe kile kipande cha juu cha shamba, ambacho kila masika kilimwaga udongo wake bondeni, akitengeneze kwa matuta ya kuzuia maji, kwa namna aliyojifunza kwenye semina ya bwana shamba. Udongo ukibaki, na yeye abaki. Ukiondoka, ataondoka.

Baba alicheka, na haikuwa kwa furaha. Zamani za ukoloni baba yake alilazimishwa kuchimba matuta kwenye shamba lake mwenyewe, akagoma, akafungwa. Nyumbani kwetu neno matuta lilikuwa kama tusi. Hata hivyo akamwambia akichukue, maana pale kilichokuwa kinaota vizuri ni mawe.

Dada akakata miti miwili ya mkaratusi iliyolingana urefu, akaiunganisha juu, akaweka kijiti cha tatu katikati, ikawa kama herufi A. Kileleni akafunga kamba yenye jiwe, ikaning'inia mbele ya kile kijiti cha katikati. Basi, chombo kilikuwa hicho. Mama mmoja jirani, aliyekuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akasimama kutazama.

"Miaka minne yote, mwanangu, wamekufundisha kufunga jiwe?"

"Na fundo lenyewe bado linafunguka, mama," dada akamjibu, na yule mama akaenda zake akicheka.

Kabla ya kupima chochote, dada alisimamisha chombo juu ya vigingi viwili, akatia alama pale kamba ilipogusa kijiti. Kisha akakigeuza, mguu wa kushoto ukaja kulia na wa kulia ukaenda kushoto, akatia alama ya pili. Alama hazikukutana. Baba alikuwa ameegemea jembe lake pembeni.

"Kumbe chenyewe kinadanganya," akasema.

"Kinadanganya, Baba. Ndiyo maana nakigeuza."

Akachukua unyasi, akaukata urefu wa kutoka alama moja hadi nyingine, akaukunja ncha kwa ncha, akapata katikati. Hapo akakata alama ya tatu kwa kisu na kutuambia tuifuate hiyo.

Mimi nilikaa darasani miaka saba nikiitikia majibu ya ubaoni. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kitu kinaweza kuwa na kosa, na ukilijua kosa lake kikakuonyesha ukweli. Mwili ulinisisimka. Na papo hapo wivu ukanishika.

Kazi yangu ilikuwa kupigilia vigingi. Mguu mmoja wa chombo unatulia, wa pili unazungushwa mpaka kamba iguse alama ya katikati. Hapo miguu yote miwili imekanyaga ardhi iliyo sawa, unapigilia kigingi, mnasogea. Kigingi cha saba nilikipigilia chini ya mahali pake, makusudi. Nilijua ninachofanya: maji yangepata mlango pale. Tulipomaliza, dada akaanza kupima upya kutoka upande wa pili, akirudi. Kwenye cha saba akasimama, akaking'oa, akakipandisha, akaendelea. Hakunitazama.

Tulichimba mfereji kufuata vigingi, udongo wake tukaurundika upande wa chini uwe tuta, na juu yake tukapanda majani ya guatemala, ambayo mizizi yake hushika udongo. Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha mchana, na ilipopungua tulipanda kutazama. Kwa jirani maji yaliteremka mekundu, yakibeba maharage na mizizi yake. Kwetu yalikuwa yameingia mferejini na kusimama. Yalienea kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuchagua upande, na kwenye mteremko ule unaowatelezesha hata mbuzi, yalikaa kimya kama maji ndani ya sinia. Sijui niliogopa nini, lakini maneno yakanitoka kwamba kigingi cha saba nilikiharibu mimi.

Dada hakuondoa macho kwenye maji. "Najua," akasema. "Na cha kumi na mbili nilikiharibu mimi, kwa haraka zangu. Vyote tulivikuta."

Waliokuja matangani kwetu mwaka huu walisema marehemu alikuwa na akili. Sikuwabishia. Wapo wengi wenye akili. Yeye alikuwa mtu wa kurudi kupima.

Siku ile ya mvua baba aliufuata mfereji pekupeku mpaka mwisho, akarudi, akainama na kutia kidole majini. Kisha akasema kwa Kishambaa, taratibu, kwamba shangazi atafutiwe mtu mwingine. Baba akageukia chini, kwenye shamba la baba yake, ambako haikuwahi kuchimbwa hata hatua moja ya tuta.

"Na pale," akamwuliza dada, "tunaanzia wapi?"

Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kumsikia baba akimwuliza mtoto wake jambo asilolijua.