Unga wa Wimbi Katika Mtambo wa Dawa

Niliondoka Kibomet asubuhi moja bila mpango, nikafika Bungoma mchana na begi langu. Karibu na Kibabii nilisikia mtambo ukinguruma ndani ya banda, nikaingia kuuliza unafanya nini.

Mwenyewe, mama aliyevaa koti jeupe, alinieleza kwamba unatengeneza chembechembe za dawa mfululizo. Unga unaingia huku, unasukumwa na kuloweshwa, chembe zinatoka kule. Siku hiyo walijaribu kwa wanga mtupu. Kesho yake wangeingiza dawa ya watoto, watupe chembe za dakika mbili za kwanza zenye mabaki ya wanga, kisha wapakie zilizobaki.

Dakika mbili zilitoka kwenye kompyuta ya mtaalamu wake, aliyeketi pembeni. Humo, unga wote ulitembea kwa mstari kama wanakwaya.

"Na ule unaokwama?" nikamuuliza mtaalamu.

"Ati kukwama? Wewe ulisoma mpaka wapi, bana?"

"Darasa la saba."

"Basi ngoja chai."

Msomi huyo hakuwa ameinama hata mara moja kuchungulia mtambo. Nikaomba konzi ya unga wa wimbi wa uji wa mama, nikautupa ndani. Dakika ya tano, wekundu wa wimbi ulikuwa bado unatoka.

"Mama, kesho kuna mtoto atakayemezeshwa wanga," nikasema.

Mtaalamu alidai mtambo ndio umekosea. Mtambo!

Mama alizima swichi, akanipa ufunguo wa chumba cha nyuma.

"Lala hapo. Asubuhi utatupa wimbi tena, na huyu atainama ahesabu dakika."