Bibi Aliyeita Magharibi

Mwaka huu nilirudi Guangzhou kununua vitambaa soko la Zhongda, na nilipomaliza shughuli zangu miguu ikanipeleka yenyewe nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, kwenye jengo nililokulia. Nyumba yetu sasa ni stoo. Nilisimama pale ukumbini, jua linazama, nikajikuta nimetega sikio. Utanicheka, mwenzangu, lakini mwili ulinisisimka.

Tulitoka Unguja nikiwa mdogo. Sebule yetu ilijaa marobota ya kusafirishwa, na kazi yangu baada ya shule ilikuwa kukunja vitenge huku mama akivuta mkanda wa gundi uliolia kwa ukali hadi nikaziba masikio. Nyumba nzima ilinuka nguo mpya na iliki. Mama alikuwa na amri moja asiyoitania: ukiitwa magharibi, usiitike mpaka umwone anayekuita.

Na kweli tuliitwa. Sauti ya kizee ilitoka nyumba ya pili, nyembamba, inabembeleza, kwa lugha isiyokuwa Kichina. Ndani yake mlikuwa na maneno kama yetu, ila yamepindwa. "Limoen," ilisema. "Suiker." Limau. Sukari. Mama akaganda na mkasi mkononi. Aliamini kabisa kuna jini aliyetufuata kutoka Unguja ndani ya mabegi, na sasa anajifunza kusema kama sisi. Alifukiza ubani mpaka tukakohoa. Mimi nilijifunika kitenge gubigubi. Ikawa hivyo kila jioni, na kila jioni sauti ilizidi kufifia.

Siku moja mlango ukagongwa. Alikuwa mwanamke wa nyumba ya pili, mshonaji wa mtaa wa Kangle, macho yamemvimba. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa mama, maana Kichina nilikiokota shuleni. Akatueleza kuwa sauti ile ni ya mama yake. Bibi huyo alizaliwa Java, akasomeshwa na Waholanzi, akahamia China akiwa msichana. Sasa uzee umemfuta Kichina chote, kimebaki Kiholanzi cha utotoni, na hakuna anayekielewa. Chai akipewa anaimwaga. Chakula hataki.

"Anakufa mbele yangu na sijui anataka nini," alisema. "Pengyou, rafiki zangu, watu wanasema nyinyi lugha yenu inafanana na yake. Nisaidieni."

Mama aliona haya, akacheka, halafu akafuta machozi. "Jini gani! Bibi wa watu anataka chai yake tu." Kule chai hunywewa bila sukari, nani angefikiria? Akachemsha chai ya rangi kama ya kwetu, tamu, akaikamulia limau.

Chumba cha bibi kilikuwa na kiza na harufu ya dawa ya kuchua. Alikunywa kikombe chote, akalamba midomo. Kisha akanitazama, akatazama nyuma yangu, akatabasamu. "Zus," akaita. Nyuma yangu nilijua pana ukuta mtupu tu. Mama aliniminya bega, lakini mdomo wangu ulishatangulia: "Labeka." Bibi akanishika mkono mpaka akalala. Mwanawe aliniuliza kama anamwita ndugu, ingawa mama yake, alivyojua yeye, alizaliwa peke yake. Nikamwambia neno hilo kwetu halipo.

Tulimpelekea chai kila jioni mpaka alipofariki. Kila jioni aliita vilevile, akitazama palepale nyuma yangu, nami niliitika, nywele zimenisimama shingoni.

Ukubwani nilijifunza kwamba Waholanzi walipata maneno ya sukari na limau kutoka kwa Waarabu, kama tulivyoyapata sisi, ila yao yakapita vinywa vingi njiani. Hayo ndiyo tuliyoyatambua. Lile jingine hawakuliazima kwa mtu, ni lao wenyewe tangu asili, ndiyo maana lilitupita. Zus ni dada.

Bibi hayupo. Mwanawe amehama, sijui wapi. Mama yangu nimemzika Unguja. Dada yule wa bibi amebakiwa na mtu mmoja tu duniani anayejua kwamba alikuwepo, na mtu huyo hakuwahi kugeuka kumtazama.