Mzimu Uliojua Kikopo cha Bobini

Fundi wa cherehani aliyeitwa Redio hakulipata jina hilo bure. Alifungua kibanda chake saa mbili asubuhi na mdomo pamoja, na vyote viwili vikafungwa jioni. Mteja aliyeleta cherehani inayoruka mishono aliondoka na cherehani iliyopona, na juu yake habari za nani kahama bila kuaga, nani kaoa kwa siri na nani kavaa nguo ya kuazima kwenye harusi hiyo. Mkewe alisema ukitaka jambo lisifike mtaa wa pili, kamwambie mbuzi, usimwambie mume wangu. Redio alicheka kuliko wote.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo kwa miaka kumi na miwili hakulisema kwa mtu, hata kwa huyo mkewe.

Dada yake mkubwa alikuwa mshonaji. Alipanga chumba cha chini kwenye jengo la vyumba vinane, mali ya mzee mpole ambaye wapangaji walimwita Baba Mwenye Nyumba. Jioni moja alikutwa ameuawa sakafuni, katikati ya vipande vya kitambaa. Hakuna aliyesikia kitu. Polisi waliuliza mtaa mzima, wakamshika muuza mitumba mmoja, wakamwachia, na faili likakaa kabatini likisubiri lisilojulikana.

Redio aliitwa aangalie chumbani kama kuna kilichopungua. Cherehani ilikuwepo, mkasi ulikuwepo, hata mkoba ulikuwepo. Ila dada yake hakupenda cherehani yake iguswe. Kila akimaliza kazi alichomoa kile kikopo kidogo cha chuma kinachobeba bobini ya uzi wa chini, akakifunga kwenye pembe ya leso na kuondoka nacho, maana bila hicho cherehani haishoni hata sentimita. Leso ilikuwa sakafuni. Fundo lilikuwa limefunguliwa, na kikopo hakipo. Basi alikuwa amekwisha kufunga kazi, yuko njiani kutoka, na aliyemuua alifungua leso, labda akidhani ni pesa.

Redio alimwambia hilo mpelelezi peke yake. Mpelelezi, kijana mwembamba wakati ule, alitazama mlangoni kwanza, kisha akauliza kwa sauti ya chini.

"Nani mwingine analijua hili?"

"Mimi na wewe."

"Basi liishie hapo. Hata mama yako usimwambie. Siku moja kuna mtu atakitaja hicho kikopo bila kuulizwa, na sisi tutakuwa tunasikiliza."

Redio aliapa. Mara nyingine neno lilimfika kooni, hasa mteja alipoleta cherehani ya aina ile ile, naye akalimeza na kuanza habari nyingine. Watu walidhani anapenda tu kusema. Hawakujua kwamba mengi ya maneno yake aliyaweka ili kulifunika hilo moja.

Sasa, mwaka huu, wakaja watu wa runinga.

Walikuwa na kipindi chao cha kuwinda mizimu. Walikwenda kwenye nyumba ambamo watu waliuawa na muuaji hakupatikana, wakazungumza na marehemu. Hivyo ndivyo walivyosema, tena bila aibu. Chumba cha chini kilikuwa hakijapata mpangaji tangu siku ile, na Baba Mwenye Nyumba aliwafungulia kwa mikono miwili. Mtangazaji, bwana mwenye koti la ngozi kwenye joto la kuyeyusha mshumaa, alifika kwa mama yake Redio na karatasi ya ruhusa ya ndugu wa karibu. Mama akaweka sahihi kabla hajamaliza kuelezwa.

"Mama, hawa ni waongo," Redio alimwambia.

"Sawa, ni waongo. Lakini kama yupo?"

Hapo Redio aliacha ubishi, kwa sababu alijua kinachomla Mama. Mama alimzaa binti yule akiwa na miaka kumi na sita. Mtoto alilelewa na bibi, akakua akimwita mama yake mzazi "Dada", kama mama zake wadogo walivyomwita, na akawa mtu mzima na Dada yake ni yule yule. Siku moja kabla ya binti kuuawa, wawili hao waligombana wakaachana kwa maneno mabaya. Waligombania nini, Mama hakusema. Alichosema, tena mara nyingi, ni kwamba hakuwahi kuomba msamaha.

Siku ya kurekodi, ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali. Vijana wa kipindi waliziba dirisha kwa plastiki nyeusi na kupachika gundi mpaka chumba kikawa usiku wa manane. Redio alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Samahani, mtangazaji. Huyu marehemu anaogopa mwanga? Maana alipokuwa hai alikuwa akinigombeza nikimzibia dirisha."

Mtangazaji alitabasamu tabasamu la mtu anayelipwa. Baba Mwenye Nyumba, aliyekuwa amemletea Mama kiti na kumshika mkono mpaka akaketi, alimtikisia Redio kichwa kwa upole. Miaka yote hiyo mzee alikuwa hivyo. Alikuja kumjulia Mama hali, akaleta matunda, akauliza kama polisi wamesema lolote.

Kipindi kikaanza. Mtangazaji alishika kidude chenye taa tano nyekundu, akasema kinanusa mizimu. Redio, ambaye kazi yake ni kujua kwa nini kitu kinafanya kinavyofanya, alikitazama kwa dakika moja tu. Kila fundi wa sauti aliposogea na kipaza sauti chake kisicho na waya, taa ziliwaka. Akirudi nyuma, zilizima. Mzimu gani huo unaomfuata fundi wa sauti kama kuku anayefuata mtu mwenye pumba? Redio aliuma mdomo asicheke.

Kisha mtangazaji alifumba macho na kugusa sikio lake la kulia, penye kidude kidogo cha rangi ya ngozi.

"Ananijia... ni mwanamke. Anamtafuta mzazi wake." Akabonyeza sikio tena. "Anasema, Mama, nimekusamehe. Mama, usilie tena."

Mama aliweka kiganja mdomoni. Mabega yalitikisika, sauti haikutoka. Kila aliyefiwa ana jambo la kusamehewa, hata Redio angeweza kuagua hilo kwa mteja yeyote wa kwanza asubuhi. Alipiga hatua moja kwenda kumshika yule bwana koti.

"Ananionyesha mwanamume," mtangazaji aliendelea. "Mgeni, mtu wa mbali, hakai mtaa huu. Anaondoka na kitu... kidogo, cha chuma. Kilikuwa kwenye leso. Kikopo... kikopo cha bobini."

Redio alisimama pale pale.

Mtu mwingine angepiga magoti. Yeye aliwaza jambo moja tu: mtangazaji huyu hajui hata sindano ya cherehani inatungwa upande gani. Neno "bobini" limetoka kwenye mdomo wa mtu. Na mtu huyo alikuwepo.

Walipobandua plastiki na jua likaingia, aliwaacha wengine wakimpepea Mama, akamfuata fundi wa sauti uani. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, anahangaika na gurudumu la kigari cha vyombo vyake. Redio alitoa spana mfukoni bila kuombwa.

"Nati imelegea. Nishikie hapa."

"Asante, fundi."

"Fundi mwenzangu, hebu niambie. Mzimu wenu umesoma shule gani mpaka ukajua bobini?"

Fundi wa sauti alicheka kwa pua, akatazama nyuma. "Mzimu wetu una siku ya maandalizi. Tunakuja wiki moja kabla, tunawahoji majirani, mimi narekodi. Wanaoandika wanachagua yenye mvuto, wanamsomea bwana kwenye sikio. Mimi ni sauti tu, usinitaje."

"Nani alisema habari za kikopo?"

"Kwa nini?"

"Marehemu ni dada yangu."

Fundi wa sauti alilitazama gurudumu, akamtazama Redio. Hakuuliza tena. Alimvisha vidude vyake vya masikioni, akatafuta kwenye mashine yake, akabonyeza.

Sauti ilikuwa ya polepole, yenye adabu, na Redio aliitambua kabla haijamaliza sentensi. Ilikuwa ya Baba Mwenye Nyumba. "Jina langu msilitaje. Lakini mseme ni mgeni, watu wa hapa ni wema. Na mkitaka waamini, mtaje kile kikopo chake cha bobini. Alikifunga kwenye leso, muuaji akafungua akaenda nacho." Sauti ya kike ikauliza kama jambo hilo linafahamika. Mzee akacheka kidogo. "Hilo kila mtu analijua. Ndugu yake si yule Redio? Unadhani yule angenyamaza?"

Redio alivua vidude na kuvirudisha.

"Usifute," alisema.

"Sauti sifuti kamwe. Akija mtu mwenye kitambulisho, natoa."

Aliporudi barazani, mzee alikuwa amemshika Mama kiwiko, anamsaidia kushuka ngazi. Redio alimtazama mkono ule. Alitaka kuung'oa.

"Pole, mwanangu," mzee alisema. "Angalau roho yake imesema."

"Imesema, mzee."

Ikaishia hapo. Baba Mwenye Nyumba alimkazia macho. "Leo mbona huna maneno?"

"Koo linaniwasha. Ile plastiki." Redio akampokea Mama mkono, akamweka upande wake wa pili, mbali na mzee.

Mpelelezi sasa alikuwa na kitambi, meza kubwa na chai iliyopoa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo lilimuuma Redio kuliko yote.

"Una hakika hukumwambia mtu? Wewe ninakujua."

"Ningekuwa nimesema, mzee angekuwa hana kosa. Angekuwa amesikia kwangu kama wengine." Aliegemea meza. "Kitu kimoja tu maishani nimeweza kukinyamazia, afande. Usininyang'anye."

Mpelelezi alishusha macho, akavuta karatasi. Alieleza taratibu. Kipindi kitarushwa Jumapili ya wiki ijayo. Kikirushwa, nchi nzima itajua habari za kikopo, na hapo wakili yeyote atasema mteja wake aliziona kwenye runinga. Polisi wakikizuia wenyewe, mzee atashtuka na kukitupa kile kikopo, kama bado anacho. "Lakini mama yako akiandika barua kwamba ameondoa ruhusa yake kwa ajili ya uchungu, nani atashangaa? Mama amelia, basi. Na sisi tutapata siku za kufanya kazi yetu."

Jambo lenyewe lilikuwa hilo. Redio alitembea mpaka kwa Mama kwa mwendo wa mtu anayepeleka habari ya msiba. Tangu siku ya kurekodi Mama alikuwa amebadilika. Alilala usingizi mzima, alikula, aliosha mapazia. Aliwaambia majirani wote Jumapili waje kuangalia, watamsikia mwanawe akisema amemsamehe. Ili Redio ampate muuaji wa dada yake, ilimbidi amwambie mama yake kwamba msamaha ule ulitungwa na watu wa ofisini na kusomwa kwenye sikio. Na kwamba kikopo, kitu pekee cha kweli kilichosemwa mle chumbani, kilitoka kwa muuaji.

Alimkuta amekaa jikoni anachagua mchele. Alikaa kwenye kigoda. Alianza na kikopo, leso, kiapo cha miaka kumi na miwili. Akaja kwa fundi wa sauti, akaja kwa mzee. Alisema yote bila kutia chumvi, na ilimchukua muda mfupi kuliko habari yoyote aliyowahi kusimulia. Mama hakuacha kuchagua mchele mpaka aliposikia jina la Baba Mwenye Nyumba. Hapo aliweka sinia chini.

"Matunda yake tumekula," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Nikamwombea afya."

Redio akapiga moyo konde. "Mama, na yale mengine. Ule msamaha. Hakuwa yeye."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Siku ile ile nilijua, mwanangu. Yule wa kwenye giza aliniita Mama." Alifuta mikono kwenye kanga. "Dada yako aliniita hivyo lini? Ndicho tulichogombania. Nilimwambia, nimezeeka, niite mama hata mara moja nisikie. Akasema mama yake ni bibi yake aliyemlea. Nami nikamjibu maneno ambayo mtu hamwambii mtoto wake. Kesho yake ndiyo ile."

Redio aliokota sinia la mchele, akaliweka mapajani.

"Nilijua ni uongo," Mama alisema. "Lakini nilisikia neno hilo, na nikataka kulisikia tena Jumapili. Mara moja tu. Kisha ningewaambia majirani kuwa wale ni waongo." Alinyanyuka taratibu. "Lete hiyo barua."

Barua ilikuwa imeandikwa tayari na mpelelezi, fupi, ya heshima. Mama aliweka karatasi juu ya meza, akaisoma mpaka mwisho kwa kidole, akaweka sahihi yake. Chini palikuwa na mstari wa kujaza uhusiano na marehemu. Alishika kalamu juu ya mstari ule muda mrefu, mpaka Redio akadhani amebadili nia. Kisha akaandika kwa herufi kubwa, akikandamiza mpaka karatasi ikataka kutoboka: MAMA.