Doa la Bizari kwenye Boksi

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba mimi si mtu wa kutupa pesa. Nilichokuwa nafanya ni kununua, kutumia, kisha kurudisha. Viatu vya harusi ya mdogo wangu nilivibandika plasta chini ya soli, nikacheza navyo mpaka ukumbi ukafungwa, na Jumatatu nikavirudisha dukani na sura ya mtu aliyeonewa: vinanibana. Feni ya kusimama ilikaa sebuleni kwangu wiki ile wakwe walipokuja, ikarudi Kariakoo walipopanda basi. Pasi ya umeme nilinyooshea sare za ukoo mzima wakati wa harusi ya binamu yangu, nikairudisha dukani ndani ya boksi lake. Kwenye kicheni pati nilivaa gauni na lebo yake, nimeikunja na kuibana kwa pini kwapani, ikinichoma kila nikinyanyua mkono. Mume wangu akisema, namjibu mjini shule. Sikuuita wizi. Mwizi harudishi.

Kariakoo si mahali rahisi pa kufanyia mchezo huo. Karibu kila risiti ina maneno yale yale, mali ikishauzwa hairudishwi, na muuzaji akikuona unarudi na mfuko wake anageukia ukutani. Mimi nilikuwa na mtu wangu. Ni bibi mmoja wa Kiarabu, ambaye baba yake na babu yake walifanya biashara mtaa huo huo kabla yake. Ana duka jembamba nyuma kidogo ya soko, la vifaa vya umeme na vya afya: pasi, feni, majagi ya umeme, vipimo vya sukari na vya presha. Kwa wanawake wa mtaani aliowajua, alipokea kitu kikirudi. Hakufungua boksi wala kuchungulia ndani. Aliweka kiganja juu yake na kuuliza swali moja.

"Umeitumia?"

Ukisema hapana, alikurudishia pesa yako na boksi likarudi rafuni. Ukisema ndiyo, alikuambia basi ni yako, kaa nayo. Siku moja nilimuuliza kwa nini hatazami ndani.

"Mwanangu," akasema, "nikifungua mbele yako nimekuita mwongo. Wewe sema tu. Ulimi ni wako."

Nilitoka pale nacheka kimoyomoyo. Niliona bibi wa watu kaishi mjini miaka yote hiyo na mji haujui.

Mwaka juzi mama yangu mzazi alikuja kutoka Tanga kwa ajili ya kliniki. Daktari alitaka presha yake ipimwe asubuhi na jioni kwa wiki mbili, iandikwe kwenye daftari, kisha arudi nalo. Wiki mbili. Nani ananunua mashine kwa ajili ya wiki mbili? Nikaenda kwa bibi nikachukua kipimo cha presha, kile cha kufunga mkononi na kubonyeza kitufe, na kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshakipangia siku ya kurudi dukani.

Siku ya tisa nilikuwa jikoni nasaga viungo vya mchuzi, mama akaniita nije nimpime. Nikaenda na vidole vyenye bizari, nikanyanyua boksi, mashine ikachomoka ikaanguka kwenye saruji. Haikuvunjika hata kidogo. Ikawaka, ikavuma, ikambana mama mkono, ikaandika mia na kumi na mbili kwa sabini. Mama ambaye tangu afike kwangu hakuwahi kushuka chini ya mia na sitini.

Tukamshukuru Mungu. Jioni ikaandika hivyo hivyo. Nikajipima mimi, nikampima mume wangu, ambaye anameza vidonge vya presha na siku hiyo alikuwa hajavimeza. Sote mia na kumi na kitu. Nyumba nzima imepona kwa siku moja. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Asubuhi yake nikampeleka mama duka la dawa la jirani, wakampima kwa mashine yao, ikasoma mia na sabini kwa mia.

Kwa hiyo nilijua. Nalisema hili wazi kwa sababu baadaye nilijaribu sana kujidanganya kwamba sikuwa na uhakika. Siku zilizobaki mama alipimwa pale duka la dawa. Alipoondoka niliifuta mashine kwa pamba yenye spiriti, nikakunja mpira wake kama ulivyokuja, betri nikazirudisha kwenye nailoni yake, na kifuniko cha boksi nikakibandika kwa gundi kidogo niliyoipaka kwa njiti ya kiberiti. Mikono yangu ilikuwa imeshazoea kazi hiyo. Kwenye kona ya boksi palibaki alama ya kidole changu, ya njano. Nikaisugua, ikafifia, haikutoka.

Bibi akaweka kiganja juu. "Umeitumia?"

"Hata sijaifungua, bibi. Mama kaondoka mapema."

Akanirudishia pesa yangu, akamwombea mama afya. Boksi likapanda rafu ya juu, ile kona yenye doa ikiwa upande wa barabarani.

Njia yangu ya sokoni inapita mbele ya duka lile. Tangu siku hiyo, kila nikipita jicho lilipanda rafu ya juu lenyewe. Lipo. Keshokutwa lipo. Nikajiambia nitamweleza bibi, nitasema imegundulika mbovu, nitatunga kitu. Mara mbili nilisimama mlangoni. Mara ya kwanza kulikuwa na wateja. Mara ya pili hapakuwa na mtu yeyote ila yeye, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nikanunua balbu. Nyumbani nina balbu za kutosha mpaka leo.

Kisha ikaja mvua, ile ya kufunga njia pale Jangwani, nikakaa ndani karibu wiki nzima. Nilipopita tena, rafu ya juu ilikuwa na pengo.

"Bibi, kile kipimo kimeshanunuliwa?" Nilijitahidi sauti iwe ya mtu anayepita tu.

"Kachukua yule binti fundi cherehani, mwenye mimba. Kliniki wamemwambia presha inapanda, ajipime kila siku. Nikamwambia bahati yako mwanangu, hiki kipya, hakijafunguliwa."

Nilimjua fundi huyo vizuri. Anashonea kwenye baraza ya nyumba ya zamani, mtaa wa nyuma yetu. Ndiye aliyenishonea sare ya harusi ya binamu. Mimba hiyo ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza hazikufika popote, na mtaa mzima ulikuwa unamhesabia miezi kwa kunong'ona ili wasiitie nuksi bahati yake.

Siku ileile nikaenda barazani kwake na khanga isiyo na pindo, ya kujipatia sababu.

"Shikamoo anti."

"Marahaba. Vipi hali yako?"

"Nipo, anti. Kichwa tu kinagonga kidogo, joto hili."

Miguu yake ilikuwa imevimba, kavaa kandambili za mumewe, nazo zinambana. Nikamuuliza kuhusu presha. Akacheka, akainama kwa taabu, akachomoa boksi chini ya meza ya cherehani. Doa langu lilikuwa palepale kwenye kona.

"Kila siku mia na kumi, mia na kumi na mbili," akasema. "Kumbe kliniki walikuwa wananitisha bure. Vidonge vyao nimeacha, vilikuwa vinanichosha mwili. Na wiki hii sijaenda, foleni yote ile ya nini?"

"Mashine nazo hukosea. Nenda ukapimwe hospitali."

"Hii mpya, anti. Bibi mwenyewe kaniambia haijafunguliwa. Na yule bibi hasemi uongo, si unamjua?"

Namjua. Ndilo lililonifunga mdomo. Uongo wangu ulikuwa umepitia kwenye kinywa cha mtu mkweli, na sasa ulikuwa na nguvu kuliko onyo langu. Ningeweza kumtisha binti yule mpaka jua lizame, asingeniamini, isipokuwa nimwambie jambo moja: mimi ndiye niliyeirudisha. Nikatazama barabarani. Kulikuwa na wanawake wawili wa upatu wetu wanachagua nyanya, na muuza vijora anayeniita mama. Nikamwambia tena aende kupimwa, nikamwachia khanga, nikaondoka. Aibu ilikuwa kubwa kuliko hofu. Hilo ndilo jambo baya kuliko yote niliyofanya, zaidi ya gundi na njiti ya kiberiti.

Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa naficha ya mwenzangu.

Asubuhi nikarudi. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa. Nikabisha hodi, sauti ikaniitikia kutoka ndani, ndogo. Alikuwa kitandani, kichwa kakifunga kwa khanga, mumewe kashatoka kwenda kazini. Mashine ilikuwa mkononi mwake.

"Naona vimulimuli, anti," akasema. "Hata nikifumba macho. Lakini presha nzuri, hebu tazama."

Nikatazama. Mia na kumi na nne kwa sabini na mbili.

"Vua hiyo," nikamwambia. "Ni mbovu. Iliniponyoka nyumbani ikaanguka, tangu hapo inadanganya. Mimi ndiye niliyeirudisha. Nilimwambia bibi sijaifungua."

Alikuwa anajaribu kunitazama, macho hayashiki.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na jana, uliponiona?"

"Jana pia."

Nilitafuta bajaji, nikampakia, na njia nzima mpaka hospitali alikaa ameshika tumbo, kageuza uso upande wa pili. Muuguzi alimpima mara moja, akatazama, akampima tena mkono mwingine. Mia na themanini na tano kwa mia na ishirini. Hakututolea maelezo yoyote. Aliita mwenzake kwa sauti ya chini, wakaanza kutembea haraka, kisha wakakimbia na kitanda, nikabaki kwenye ukumbi nimeshika kandambili za mumewe.

Wako hai, yeye na mwanawe. Sitaki kukuweka roho juu, sina haki hiyo. Mtoto alitolewa kwa upasuaji siku ileile, hajatimia, na akakaa wodi ya watoto njiti wiki nyingi. Mama yake alipoteza uoni wa jicho moja kwa siku kadhaa, ukarudi. Siku hizi nikipita barazani ananiamkia shikamoo kama kawaida, maana kalelewa vizuri. Nikipeleka kitambaa ananiambia ana kazi nyingi. Khanga yangu alinirudishia ikiwa na pindo, kamtuma mtu kuileta.

Nilikwenda mwenyewe kwa bibi kabla hajaambiwa na mwingine. Nikaweka boksi, nililopewa na mume wa fundi, juu ya meza yake, nikamweleza yote tangu bizari mpaka wodi. Kwa mazoea alikuwa ameshaweka kiganja juu ya boksi. Nilipofika kwenye gundi akakiondoa, akakifuta kwenye khanga yake. Nilisubiri anifukuze, na ningeshukuru. Mteja aliingia, akaona mambo si mambo, akatoka.

Kisha akaniuliza swali moja.

"Na kabla ya hiki?"

Nikaanza kusema viatu, gauni, vya maduka ya wengine. Akatikisa kichwa. Aliuliza vya kwake.

"Feni," nikasema.

"Feni ilikuwa na nini?"

"Haikuwa na kitu."

"Na nini tena?"

Nilikuwa nimeisahau, naapa. Au niliiweka mahali ambapo mtu huweka vitu asivyotaka kuvikumbuka. Ile pasi niliyonyooshea sare za harusi. Siku ya mwisho nilikuwa nanyunyiza maji kwenye nguo, nikashika mpini kwa mkono uliolowa, ikanipiga shoti mpaka bega likafa ganzi. Nikachungulia waya, nikaona karibu na plagi pameungua. Kesho yake nikairudisha. Bibi aliniuliza umeitumia, nikasema hapana.

Nikamweleza. Aliketi. Sikuwahi kumwona akikaa saa za kazi.

"Nilimuuzia nani?" akasema, na hakuwa ananiuliza mimi. Alifumba macho, akajaribu kukumbuka. "Mwanamke. Alikuwa na mtoto mgongoni. Mpita njia, si wa hapa. Nilimwambia haijatumika."

Siku hizi bibi anafungua kila boksi mbele ya mteja na kuchomeka kila kitu kwenye umeme wa dukani. Wateja wa zamani wanalalamika kwamba amebadilika, amekuwa na dhana mbaya na watu, uzee huo. Hajawaambia sababu. Kila mwanamke mgeni akiingia na mtoto mgongoni, anamuuliza kama aliwahi kununua pasi pale. Mimi nami, umeme ukikatika ukirudi, nikisikia mafriji ya majirani yanaanza kuunguruma, nasimama nilipo na kusikiliza, sijui nasikiliza nini.

Pasi yenyewe ni ya buluu, mpini mweusi, waya umeungua kidogo karibu na plagi, upande wa chini ambao huuoni mpaka uugeuze. Iliuzwa Kariakoo kama mpya. Kama iko kwako, usiishike. Kausha mikono, zima kwanza swichi ya ukutani, ndiyo uichomoe.