Njia Haina Mwenyewe

Juzi, katika ofisi moja ya Hurlingham, mtu alikuwa ametia matawi ya leleshwa kwenye chupa ya maua. Harufu ile kali, kama kafuri iliyochanganyika na vumbi, ilinitoa kwenye foleni ikanipeleka viungani mwa Karen, mwishoni mwa miaka ya sitini, nikifuata visigino vya nyanya yangu.

Kila mwezi tulishika njia ya kale ya kwenda Ngong, ambako dada yake aliolewa Umasaini. Wanawake wetu wa Kikuyu waliipita na unga wao hata enzi zile wanaume wa pande mbili walipokuwa wakirushiana mikuki, kwa sababu, alisema nyanya, vita havipiki. Mimi nilibeba kibuyu kimoja na malalamiko mengi.

Siku moja tukamkuta mpima ardhi akipigilia vigingi. "Mama mzee," akauliza kwa Kiswahili, "hii njia ni ya nani?"

Nyanya akanisukuma mbele. Mimi ndiye niliyekuwa msomi wa familia, darasa la nne. Akaniambia kwa Kikuyu nimjibu kwamba njia haina mwenyewe. Mwenyewe ni miguu.

Ile nusu ya pili ilinitia haya. Miguu? Mbele ya mtu aliyevaa soksi ndefu?

"Anasema haina mwenyewe," nikasema.

"Vizuri, kasichana. Wewe utakuwa karani," akasema, akaandika.

Haukupita mwaka, seng'enge ikavutwa. Kuzunguka kulikuwa safari ya siku nzima, na magoti ya nyanya hayakuiweza. Alikwenda pale mara mbili, akaushika waya kwa vidole kama anayepima ubora wa kitambaa, akarudi nyumbani. Dada yake alifariki bila wao kuonana tena. Nilipohitimu chuo kikuu niliiandikia ofisi ya ardhi barua, kwa Kiingereza cha kujivunia kabisa. Nikajibiwa kwamba, kwa mujibu wa majalada yao, njia ile haikuwa na mwenyewe.

Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba nyanya hakusikia Kiswahili, hivyo hakujua nilichokiacha. Hadi siku ya matanga yake, ambapo mama mmoja muuza viazi alituchekesha kwa kusimulia jinsi nyanya, enzi za ujana wao, alivyobishana na wenye maduka wa Ngara kwa Kiswahili mpaka wakachoka wao.

Nilicheka pamoja na wengine. Kumbe alinisikia. Alisimama pale kando ya vigingi akiwa na ile nusu ya pili mdomoni, akamwangalia mgeni akinisifu, akaimeza.